Mkono wa Kushoto wa Ardella Pinckney

Ardella Pinckney alijifunza kinanda kanisani kwa baba yake, mjini Newark. Baba huyohuyo ndiye aliyemfukuza kanisani aliposikia kuwa binti yake anawapigia walevi kwenye baa. Ardella hakurudi kuomba radhi. Miaka na miaka alizunguka na Roscoe, mpiga ngoma wake: Pittsburgh, Baltimore, Buffalo, kinanda wakikibeba kwenye gari kuukuu la maiti, maana hakikuenea kwingine. Mpiga besi, zile sauti nzito za chini, hawakuwa naye. Besi ilikuwa mkono wa kushoto wa Ardella, na watu waliacha kuku wa kukaanga apoe sahanini ili wasogee kuutazama.

Kisha baa zikaanza kufa. Nyingine ziliungua kwenye ghasia. Nyingine wenyewe waliweka mashine ya santuri, wakaona inatosha. Majira ya baridi ya 1974, Ardella akikaanga mayai, kiharusi kikamwangusha. Kusema kulirudi. Mkono wa kushoto haukurudi.

"Utapona tu, Della," Roscoe alimwambia.

"Wewe uongo huuwezi. Hata ukikosea mdundo, uso wako unakusengenya."

Roscoe alicheka, kisha akainama akajifuta macho.

Kulipopata joto alimbembeleza wapige Jumapili moja alasiri kwenye baa ya Mabel, ya mwisho mtaani kuwa na kinanda. Ardella akavaa gauni la kijani. Roscoe alikanyaga pedali ya goma kubwa kwa nguvu zote, aizibe nafasi ya besi. Haikuzibika. Mkono wa kulia ulikuwa ukikimbia peke yake, kama mtu aliyepotezana na wenzake sokoni.

Mama mmoja mezani akapaza sauti, "Taratibu, mwanangu! Usiwe na haraka!"

Ardella aliyajua maneno hayo. Kanisani kwa baba yake ndiyo waliyoambiwa wahubiri wazee waliosahau mahubiri katikati. Watu wakapiga makofi, makofi ya huruma. Akaondoa mkono.

"Wimbo haujaisha," Roscoe alinong'ona.

"Kwangu umeisha. Nirudishe nyumbani."

Mabel aliuza jengo kabla mwaka haujaisha. Kinanda hakikuweza kupita mlangoni, maana tangu kiingizwe ulikuwa umejengwa ukuta mpya, basi wanunuzi wakakivunja kwa shoka. Roscoe ndiye aliyempelekea habari hiyo, kofia mkononi.

"Sawa," Ardella alisema. Akamwomba dada yake, aliyekuwa akimuuguza, afunge dirisha, kwa sababu mtaani kulikuwa na mtu amefungulia redio.