Mtu wa Kwao Alipokuja

Makazi yetu ya wazee yako pembeni mwa mji wa Shinyanga, na anayefika mara ya kwanza hudhani amefika gesti. Nusu ni kweli. Upande wa mbele kuna vyumba vya wageni, vyenye feni na vyandarua vipya. Upande wa nyuma tuko sisi. Wageni wakilala na kulipa ndipo sisi tunakula, hivyo ndivyo mlezi wetu anavyotujibu tukilalamikia kelele za magari yao. Huja watu wa semina, wanaouguza wagonjwa wao hospitalini, wanunuzi wa dhahabu wanaopita kwenda Geita. Wote hula nasi katika bwalo moja, na mimi jambo hilo sikulipenda hata siku moja. Nimeshona nguo sokoni Nyasubi mpaka miguu ikakataa cherehani. Sikuja huku kutazamwa ninavyotafuna.

Mwenzangu wa chumbani, yeye, aliwapenda. Mkulima, Msukuma wa kijiji kimoja mbele ya Didia, mpole mpaka anakera. Gari likiingia tu anajifunga kanga safi, anajikongoja hadi bwaloni na kuwaamkia wageni kwa Kisukuma, mwadila. Na watu wa kwao hawakuamkii wakaishia hapo. Atakuuliza wewe ni wa kwa nani, baba yako ni nani, mji wenu uko upande gani, mpaka ajue akuweke wapi. Wageni wengine walifurahi, wengine ulikuwa unaona kabisa wamechoka. Nikamwambia, "Dada, waache watu wale." Akasema anatafuta mtu wa kwao.

Alichokitaka nilikijua, maana alikisema kila kukicha mpaka kikanichosha: azikwe kwake, kando ya mumewe, ndani ya ua wa minyaa. Basi. Hakuomba kingine. Kilichomponza ni macho mekundu. Maisha yake yote amepikia samadi, moshi ukamla macho, na ng'ombe wa jirani walipoanza kufa, watu wakaanza kumtazama yeye kama mchawi. Binti yake wa pekee ndiye aliyemwambia, mama, ondoka leo. Akaondoka na nguo alizovaa. Hakuthubutu kutuma salamu, asije akamponza na binti. Ila aliamini hasira za watu hupoa, na kwamba siku moja atakuja mtu wa kumwambia zimepoa.

Akaja kweli. Mwanamume wa makamo, mnunuzi wa choroko, gari lake liko gereji mjini. Aliingia bwaloni akatupa shikamoo zetu, tukaitikia marahaba, na mwenzangu akaanza maswali yake. Yule bwana akajibu kila kitu, kijiji, baba, hata babu. Nikaona mwenzangu anarudisha tonge kwenye sahani. Mgeni naye, kwa kuwa amelelewa vizuri, akauliza, "Na wewe bibi, ni wa kwa nani?"

"Mimi ni wa Tabora," akasema, kwa Kiswahili chake chenye Usukuma mtupu ndani yake. Akanyanyuka, akaenda chumbani.

Nilimfuata nikiwa nimefura. Umemngoja mtu huyu miaka yote, amekuja, unamkimbia? Akasema anamfahamu baba yake; baba huyo alikuwa kwenye kikao cha kijiji walimomjadili habari za uchawi. Kisha akanishika mkono. "Nenda ukamuulize wewe. Mimi nitakaa hapa dirishani nisikie."

Nikamkuta mgeni barazani, chini ya dirisha letu, anachokonoa meno. Nikamwambia kwamba zamani niliwahi kumshonea mjane mmoja wa kijijini kwao, mwenye binti mmoja. Yupo?

"Yule bibi alishafariki," akasema.

Alieleza bila ubaya wowote, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Bibi aliondoka, hakusikika tena. Mvua zikakataa, watoto wa ukoo wakawa wanaugua, mganga akasema yule mama amefia porini na anataka kulazwa kwake. Basi ukoo ukakusanyika. Wakachimba kaburi kando ya mumewe, wakazika kanga yake na kigoda chake, wakachinja dume, wakalia msiba. Mjukuu akapewa jina lake. Yeye mgeni mwenyewe alishika jembe siku ile.

"Tulimlaza vizuri sana," akasema. "Tangu hapo kijiji kimetulia."

"Na binti yake?"

"Ndiye aliyeitoa hiyo kanga. Alilia sana."

 Nilirudi chumbani. Mwenzangu alikuwa amekaa kitandani, mikono mapajani, na alikuwa amesikia yote. Nikaanza kuwatukana mmoja mmoja: mganga, kikao, ukoo mzima, huyu na choroko zake. Nikamwambia gari likipona tunapanda naye, mimi na wewe, tunashuka pale uani kweupe, wakutazame vizuri hao wanaojua kuzika kanga.

Alinisubiri nimalize.

"Mtu aliyezikwa akirudi kwake," akasema, "kule kwetu anaitwaje?"

 Tulilijua jibu sote wawili. Hapo kabla alikuwa mwanamke mwenye macho mekundu. Sasa akitokea, hata binti yake atapiga yowe na kukimbia. Nilikaa chini kando yake, nikaona hasira yangu haina pa kwenda.

Mgeni aliondoka kesho yake baada ya uji, gari lake likiwa limeshaletwa kutoka gereji. Alituaga kwa heshima, na mwenzangu akamtakia safari njema. Hakumtuma neno lolote.

Vumbi la gari lilipotulia akaniomba nimsindikize kwa mlezi. Alisema pale ofisini, taratibu, kwamba siku yake ikifika azikwe hapa hapa, nyuma ya shamba la mtama, walipo wenzetu. Mlezi alishangaa, maana hata yeye alikuwa amechoka kusikia habari za ule ua wa minyaa. Akamuuliza kama ndugu zake wataridhia.

"Ndugu zangu walishamaliza msiba," akasema.

Mlezi akanigeukia mimi, anataka maelezo. Mimi nilikuwa nalia.