Siku Chatu wa Baba Alipokuja Kwenye Usaili Wangu

Jamani, haya sikutaka yatoke nje ya familia, lakini mlinzi wa geti la pale yalipotokea bado yupo, na kila nikipita ile barabara ya ziwani ananipigia saluti na kuniita "Nne Nukta Saba, za siku?" mbele za watu, kwa hiyo bora niyaseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine wakatia chumvi. (Ingawa hiyo chumvi sijui wataiweka wapi, maana mkasa wenyewe umeshakolea.)

Mimi ni Kabula, mtoto wa kwanza wa mzee mmoja wa huko upande wa Bujora, mfugaji wa ng'ombe na kiongozi wa kikundi cha ngoma, ila mjini nakaa Buswelu kwa mama mdogo. Chuo kikuu nilisomea ufugaji wa samaki, nikatoka na GPA ya nne nukta saba kati ya tano, na naomba mniache niitaje bila haya, kwa sababu wenzangu walipokuwa wanakwenda harusini na kwenye mipira mimi nilikuwa nimeinama kwenye daftari mpaka shingo ikawa inauma nikitazama juu. Baba hajui GPA ni mnyama gani, lakini alielewa kwamba tano ndiyo mwisho na mwanawe amebakiza kidogo tu aufikie, basi ikawa mnadani anaitaja, kanisani anaitaja, akimsalimia mtu njiani "Mwangaluka!" kabla hajajibiwa ameshaitaja. Na nisiwadanganye, mimi mwenyewe niliamini kama yeye: nilidhani waajiri wamekaa mahali wananisubiri, wakiiona ile namba tu watanivutia kiti.

Sasa nikaomba kazi kwenye kampuni moja inayofuga sato kwenye vizimba ziwani, wakaniita kwenye usaili. Jioni yake baba akapiga simu kuuliza kulikoni, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo ulionizalia makubwa. Kumweleza baba usaili ni nini ni kazi ya saa nzima, kwamba umeitwa ila hujachukuliwa, kwamba mko wengi, kwamba mnakwenda kuulizwa maswali halafu mnarudi nyumbani kusubiri. Nilikuwa nimechoka, napiga pasi gauni, nikaona nifupishe.

"Ndiyo baba, wale wa sato pale ziwani wameniita kazini, kesho saa nne."

"Wamekuita?"

"Wameniita, baba."

Akasema "Mungu mkubwa," akakata. Mimi nikaendelea na pasi yangu. Nilichosahau ni kwamba baba maisha yake yote ni mtu wa ngoma, na ngoma ikiitwa imeitwa, hakuna mtu anayeita ngoma mpaka kwake halafu aanze kuipima kama anaitaka.

Asubuhi nikafika. Ofisi yao iko juu ya mawe kabisa, ghorofa ya kwanza, na dirisha la chumba cha kusubiria linatazama ziwa, nami niliyezaliwa mkoa huu huu nilisimama pale nikabaki mdomo wazi. Vizimba vilikuwa vimetandazwa juu ya maji, duara baada ya duara, mpaka jicho linachoka, na kwenye kizimba cha karibu mtu alikuwa anamwaga chakula, basi samaki wakapanda wote kwa pamoja na maji yakachemka kama ugali unaotokota. Niliyasoma haya miaka yote kwenye vitabu nikayachora kwenye mitihani, lakini sikuwahi kuyaona kwa macho yangu, na nilisikia mwili unasisimka. Nikajisemea hapa ndipo pangu, Mungu wangu, nipe hapa.

Tulikuwa wachache tu pale, na aliyekaa karibu yangu alikuwa kijana wa Mirongo anaitwa Yusufu, mcheshi, kiatu kimepigwa rangi mpaka unajiona. Nikamuuliza ana GPA ngapi (ndiyo, mtu hata sijamjua vizuri). Akacheka akasema, "Ya kawaida tu dada yangu, imenifikisha kwenye hiki kiti." Nikamhurumia kimoyomoyo. Mjue nilivyokuwa.

Nikaitwa mimi wa kwanza. Ndani kulikuwa na maofisa wawili wenye tai, na katikati yao Mama Mkurugenzi mwenyewe, mama wa makamo, mfupi, kavaa kitenge kizuri na chini yake gambuti zenye tope, alikuwa ametoka vizimbani muda ule ule. Nikatoa shikamoo, nikaitikiwa, nikapanga vyeti vyangu juu ya meza kama mama muuza nyanya anayepanga mafungu, kisha nikaanza kujieleza, na kila nikipumua naitaja nne nukta saba. Mama akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hongera sana mwanangu," akasema. "Kwa namba hiyo ndiyo maana umekaa hapo. Sasa tuiweke pembeni tuzungumze. Umefika kizimbani asubuhi, samaki hawapandi kula. Unafanya nini?"

Hilo! Hilo nililijua kama jina langu. Nikaanza na maana ya hewa ndani ya maji, nikaja kwenye joto, nikaingia kwenye magonjwa, nikagawanya magonjwa katika makundi, na maofisa wale wakawa wananitazama kwa mshangao nikajua nimewapata. Mama akainua mkono taratibu.

"Samahani nikukatize. Muda wote huu unaonieleza, wale vijana wanamwaga chakula au wameacha?"

Kurasa zote nilizozibeba kichwani nikazipekua, sikuona mahali palipoandikwa vijana wanafanya nini. Na hapo hapo, kabla sijapata hata la kuzugia, nikasikia ngoma.

Mwanzo nilidhani ni moyo wangu. Kisha ikaja filimbi, kisha kipaza sauti, na sauti ninayoijua tangu tumboni ikasema, "Tumefikaaa! Wenye nyumba mko wapi?"

Mama Mkurugenzi akaenda dirishani, maofisa wakamfuata, na mimi miguu ikanipeleka bila ruhusa yangu. Ua wote ulikuwa umejaa ukoo wetu na kikundi kizima cha baba, wanaume kwa wanawake, njuga miguuni, na wote wamevaa sare, fulana nyeupe ambazo kumbe baba alishazichapisha zamani akisubiri siku hii, zenye picha yangu ya mahafali na maandishi mekundu: HONGERA KABULA 4.7 KAZI NI YAKO. (Baadaye nilimuuliza mlinzi kwa nini alifungua geti, akaniambia mzee alisema wameitwa, na kweli walionekana watu walioitwa.) Vumbi lilikuwa limepanda, wafanyakazi wametoka kila mlango, na vile walivyokuwa wanacheza, jamani, kwa fedheha yangu yote ile niliona ni kitu kizuri mno. Ofisa mmoja alikuwa ameshika kifua. "Sijawahi kuona," alikuwa anasema, "sijawahi kuona."

Mama akaisoma fulana moja, akanigeukia. "Kabula si ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, mama." Ningejikana vipi na uso wangu umeenea ua mzima?

Sasa kwenye kikundi cha baba kuna mila moja: mwenye shughuli lazima amsalimie chatu kabla ngoma haijakolea, asipomsalimia ni kama hajapokea wageni. Chatu wetu, wanayecheza naye ngoma, anaitwa Bibi Harusi, na ukitaka kumnyoosha lazima wanaume watatu washirikiane. Mimi tangu mtoto namwogopa kiasi kwamba nikienda nyumbani nauliza kwanza amelala chumba gani. Nikasikia njuga zinapanda ngazi. Nikasema moyoni, hapana, hawawezi. Mlango ukafunguliwa, akaingia baba na kofia yake ya manyoya, na nyuma yake mjomba Masanja na Bibi Harusi mabegani, kichwa kimenyooka mbele kinatafuta mwenye shughuli.

Sikumbuki kupanda. Nakumbuka tu kwamba niko juu ya meza ya Mkurugenzi, kiatu kimoja kimenitoka, chai imemwagika, na nimesimama juu ya vyeti vyangu mwenyewe, tena mguu wenye kiatu uko pale pale palipoandikwa daraja la kwanza. Maofisa wamebanana kwenye kona. Aliyebaki mahali pake ni Mama peke yake. Alimtazama yule chatu kwa macho yale yale niliyolitazamia ziwa, akanyoosha mkono taratibu, akamgusa mgongoni.

"Kumbe ni laini," akasema, kwa sauti ndogo kama ya mtoto. Nikiwa kule juu na hofu yangu nilimstaajabia mama yule, mpaka leo namstaajabia.

Baba akavua kofia. "Mama, tumekuja kushukuru kwa kumpa mtoto wetu kazi."

Kule chini ngoma ilikuwa imetulia kusubiri jibu. Mama akamwambia kwa adabu zote, "Karibu sana mzee. Lakini bado hatujampa. Tunamuuliza maswali."

"Maswali?" Baba alishangaa kweli. "Maswali si alishayajibu chuoni?"

"Ya chuoni aliyajibu vizuri sana, mzee. Haya ni ya hapa kwetu."

Baba akafikiri, akanitazama pale mezani. Niliona uso wake unavyoelewa, kidogo kidogo, kwamba binti yake hajachukuliwa, na kwamba yeye amekuja na ukoo mzima kushukuru kitu ambacho hakipo. Iliniuma kuliko kila kitu cha siku ile.

"Basi shuka, mwanangu," akasema. "Shuka umjibu mama."

Nikashuka. Mama akalirudia swali lake, chakula kinamwagwa au kimeachwa, na baba anasikiliza, na mjomba anasikiliza, na Bibi Harusi anasikiliza, na mimi kwa hofu na aibu nikasikia mdomo wangu unasema, "Nilipata nne nukta saba."

Mjomba Masanja akapiga kigelegele. Kule chini wakadhani ndiyo nimeajiriwa, ngoma ikalipuka upya mpaka vioo vikatetemeka.

Mama alinipigia simu mwenyewe baadaye, jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Akaniambia kazi amempa Yusufu, na nisije nikawalaumu wazazi, ngoma haikunipunguzia kitu. Yusufu alijibu kwa sentensi moja tu, kwamba angesimamisha chakula kwanza, maana samaki asipokula, kile chakula kinazama, kinaoza na kuzidi kuharibu maji, mengine angeyatafuta huku hasara imesimama. "Hayo yote unayajua kuliko yeye," akasema Mama. "Hujui tu uanzie wapi." Kisha akakohoa kidogo, akaomba namba ya baba, maana kampuni ilikuwa na sherehe yake na wafanyakazi wamegoma kuisikia ngoma nyingine yoyote. Kwa hiyo jamani, kati yetu wote tuliokwenda pale siku ile kutoka ukoo wetu, aliyepata kazi ni nyoka.

Baba alikataa katakata, akasema hapeleki ngoma mahali walipomkataa mtoto wake. Nilimsihi, nikamwambia hawakunikataa, waliniuliza kitu sikukijua, na nimeshakijua. Akauliza, "Kwa hiyo ile namba haina maana?" Nikamwambia ina maana baba, ndiyo iliyonipandisha ngazi, ila juu nilipaswa kufika na kitu kingine. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya ng'ombe asiyoiamini, lakini akaenda.

Na mimi nikaenda, nimebeba maji ya wachezaji, nikiwa mbali na Bibi Harusi kadiri ua ulivyoruhusu. Mama Mkurugenzi akanifuata mwenyewe, na gambuti zake zile zile, akaniambia kuna nafasi nyingine itatoka vizimbani na ataniita tena kwenye usaili. Siku hizi nashinda ufukweni kwa wafugaji wadogo, nauliza, napigwa na jua, nayaona kwa macho yangu yale niliyokuwa nayachora.

Wiki iliyopita Mama Mkurugenzi aliniita, usaili ni kesho. Nimemwambia baba? Thubutu! Nimemwambia naenda sokoni kununua dagaa, na nikikosa kazi nitarudi na dagaa.