Ukuni wa Mwanakombo

Kwanza kabisa, mtu asiniambie nilikuwa na njaa. Najua ndivyo mnavyosema mkisikia habari kama hizi: kikongwe, tumbo tupu, jua kali, kaona vitu. Siku hiyo nilikula muhogo wa nazi na kipande cha pweza, nikashiba mpaka nikalegeza kanga kiunoni. Uzi natunga sindanoni bila ya miwani. Na wala haikuwa usiku. Lilikuwa jua la utosi, saa ambayo kuku wote wamejificha na hakuna kinachotembea uani ila joto. Wallahi, nayoandika hapa nimeyaona, na kitu chenyewe kipo jikoni kwangu. Asiyeamini aje Shumba Viamboni, aulize kwa bibi mwenye moto. Ataletwa.

Mbona naitwa hivyo? Ngojeni.

Wakubwa wenzangu mnakumbuka mambo yalivyokatika. Meli za Mkoani zilianza kuchelewa, kisha zikawa haziji. Umeme ukazimika, tukasema kesho utarudi. Simu zikawa vigae. Mmoja anasema vita, mwengine anasema maradhi, mwengine anasema pesa zimekufa huko huko zinakotengenezwa. Siye Pemba hatukuambiwa na mtu. Tulingoja, na tulipochoka kungoja tukaanza kuishi.

Nyumba yangu kanijengea binti yangu, Mwanakombo, kwa duka lake la nguo pale Jadida. Nyumba ya matofali na bati, jiko la gesi, friji refu kunipita. Chumba changu kakipaka rangi ya waridi, nikamwambia, "Mwanangu, mie nina wajukuu, hii rangi ya nani?" Akanambia, "Yako, bibi harusi." Basi nyumba ile ya kisasa ilibidi niifundishe kuishi kizamani. Friji nikalilaza chali nikahifadhia muhogo mkavu, panya hawaingii, halijapata kutokea ghala kama lile. Jiko la gesi wakatagia kuku. Nikaweka mafiga uani, juu yake nikatundika uchaga wa kukaushia samaki na mahindi. Karafuu zilijaa magunia na hapana wa kuzinunua, ikawa tunazichoma kufukuza mbu. Hebu fikirini! Mikarafuu ya marehemu babaangu nikaikata kwa mkono wangu, mmoja mmoja, nikapanda muhogo. Kila shoka likipiga nikisema, baba niwie radhi, watoto hawali harufu.

Kisha vibiriti vikaisha. Hapo ndipo watu walipojua nani mwanamke wa jikoni. Moto wangu mie haujazimika tangu siku ile. Nalaza gogo la mkarafuu, nalifukia jivu, alfajiri nafukua, jekundu linanicheka. Mtaa mzima wakaja kuomba moto kwangu. Na kuomba moto kuna adabu yake. Unakuja na kifuu chako cha nazi, unapiga hodi, nakutilia jivu na makaa. Kesho yake unaniletea ukuni mmoja. Hiyo siyo bei. Umechukua moto wa mwenzio, basi uulishe usife. Nikizoea kumwambia kila anayeondoka, "Na ukuni kesho," kama mwengine anavyosema kwaheri.

Mwanakombo alirudi kwangu mambo yalipokatika, yeye na mwanawe Siti. Siti ana pumu. Dawa yake ya kuvuta ilipokwisha, mtoto akilala tunamsikiliza kifua usiku kucha kama watu wanaosikiliza redio mbovu. Mwanakombo kila akiingia mlangoni, hata salamu hajatoa, neno lake la kwanza ni moja: "Anapumua?" Namwambia, "Anapumua." Ndipo anasema asalamu alaikum.

Akaja kusema anakwenda Tanga kutafuta dawa, na Faki, mtoto wa jirani yangu Bi Mize. Faki alikuwa na boti ya kijani. Ubavu mmoja ulioza, akatia mbao nyengine, rangi hana. Mwanakombo akampa kopo lililobaki la chumba changu. Burashi pia hawana, Faki akapaka kwa kitambaa, waridi juu ya kijani, mistari mistari. Watu pwani walicheka mpaka wakakaa chini.

"Faki, boti umeitia hina?"

"Inakwenda harusini hii!"

Faki akawajibu, "Chekeni tu. Nikirudi na sukari mtaiona tamu rangi yangu."

Mwanakombo akanambia, "Mama, mpunga haujachanua n'takuwa n'sharudi."

Mpunga ukachanua. Tukavuna. Tukapanda mwengine.

Bi Mize alikuja kwangu baada ya mavuno yale, kakaa hapo kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, akasema pole pole, "Dada, tuwasomee khitima." Nikamwambia, "Wako msomee. Wangu yuko Tanga." Akasema, "Boti moja, dada." Nikamwambia, "Boti moja, lakini mie sijamuona maiti na weye hujamuona. Utazika nini, rangi?" Akaomba moto wake akaenda. Akamsomea mwanawe peke yake. Mie sikwenda hata kula wali. Kila jioni nilitandika kitanda cha Mwanakombo, na asubuhi nakitandua.

Siti nilimlea kwa mvuke wa majani ya mkaratusi na asali. Siku nyengine nafuu, siku nyengine midomo inapiga buluu nami nashika kiuno sijui niombe kwa lugha gani. Lakini aliishi.

Basi ndiyo siku hiyo sasa. Nimeshasali adhuhuri, nimekaa uani namenya muhogo, Siti kalala ukumbini juu ya jamvi, mlango wazi, namuona alipo. Nikasikia hodi. Hodi moja tu. Nanyi mnajua mtu hupiga hodi mara tatu. Lakini watu wakati ule walikuwa wachovu, wengine wametembea kutoka Mkoani kwa miguu wanatafuta muhogo, nani angewahesabia hodi? Nikasema, "Karibu."

Akaingia mwanamke, kanga kajifunika mpaka puani, kasimama karibu na migomba. Katota. Maji yanamtiririka pindoni, chururu, na ardhi yote kavu mpaka imepasuka.

"Nimekuja kuomba moto," akasema. Sauti imekauka kama ya mtu aliyeita sana.

"Kifuu chako?"

"Sina."

"Unaomba moto huna kifuu, utautia mdomoni?"

Hakucheka. Nikamwambia, "Na mbona umeoga na nguo, mwanamke weye? Kwenu hamna jua?"

"Baridi," akasema. "Niliko ni baridi."

Mtaniuliza, hukuogopa? Sikuogopa. Niliona mtu aliyepungukiwa akili kwa shida, na wa namna hiyo walikuwa wengi. Nikachukua kifuu changu mwenyewe, nikatia jivu, nikatia makaa. Nilipompa, kaa moja likaangukia vidoleni mwake. Likalia chsss, kama chuma cha mhunzi kinapotumbukizwa majini. Wala hakuvuta mkono. Alishusha pumzi kama mtu aliyekuwa na kiu akapewa maji. Vidole vyake vilikuwa vyeupe, vimekunjamana, kama vya mtu aliyefua tangu asubuhi.

Akatazama ukumbini.

"Anapumua?"

Jamani, hata hapo. Hata hapo sikujua! Neno lile limo masikioni mwangu miaka, na siku lilipokuja kwa sauti nyengine sikulitambua. Nikamjibu kwa maringo ya bibi, mie tena: "Nani, huyu? Anapumua kuliko weye. Nimemlea kwa majani tu, na akianza mbio hao wa kwenu hawamuoni kisigino."

Akainamisha kichwa. "Basi vizuri," akasema. "Basi vizuri."

Akageuka aende zake. Na mdomo wangu, mdomo uliozoea, ukasema, "Na ukuni kesho!"

Akasimama, mgongo kanipa. Maji yanadondoka tu. Kisha akasema, "N'taleta." Akapita migombani.

Nikarudi kwenye muhogo wangu. Sikumaliza hata mmoja, nikasikia Siti ananiita ndani.

"Bibi, mama keshakwenda?"

"Mama yuko Tanga, mwanangu. Umeota."

"Alikuwa hapa. Kanishika kifua."

Nikaenda kumtazama. Gauni lake kavu kote, ila kifuani pametota, alama ya kiganja na vidole vyake vyote. Na mie mlango sikuuondolea macho, hakuna aliyeingia! Nikagusa, nikatia ulimini. Chumvi.

Ndipo neno lile likanirudia kwa sauti yake mwenyewe. Anapumua. Nani mwengine duniani anauliza hivyo?

Nilikimbia, mtu mzima mie, kanga imeanguka njiani sikuiokota. Nyayo zake mbichi zilipita migombani, zikashika njia ya pwani, moja, moja, kisha ardhi kavu. Hapana nyayo. Hapana moshi. Nikasimama pale juani nikapiga kelele mpaka watu wakatoka majumbani. Na unajua nilikuwa nasema nini? Sikusema rudi. Nilikuwa nasema, "Usilete! Mwanakombo, ukuni usilete! Mwanangu, nisamehe, usilete!"

Kwa sababu nilishajua ni ukuni gani alio nao.

Usiku ule nilikaa kizingitini na mkono juu ya mlango, kana kwamba nitauzuia. Alfajiri usingizi ukanishika kidogo tu, wa kufumba na kufumbua. Nilipofungua macho ulikuwa umeegemezwa ukutani, taratibu, kama watoto wangu nilivyowafundisha kuegemeza kuni, ncha nene chini. Ubao. Urefu wa mkono. Umetota, una vikombe vya bahari, vile vigamba viotavyo chini ya boti, vimeshikilia upande mmoja. Na upande wa pili rangi ya waridi juu ya kijani, mistari mistari ya kitambaa.

Niliuchukua kama anavyochukuliwa mtoto mchanga, nikaupeleka kwa Bi Mize. Sikupiga hodi. Alikuwa anafagia. Akautazama ule ubao, akaacha ufagio, akaweka kiganja chake juu ya mistari akaifuata kwa kidole, mmoja baada ya mmoja, mpaka mwisho.

"Huu mkono wa Faki," akasema. "Hapa kitambaa kilimwishia rangi."

Nikamwambia, "Mize, nisomee mwanangu."

Hakunambia, "Nilikwambia." Angeweza, na angekuwa na haki. Akaingia ndani akatoka na kanga yake akanifunika kichwa, maana nilikuwa kichwa wazi tangu jana. Jioni hiyo tukasoma khitima, watu wakaja na walicho nacho, muhogo, ndizi, samaki mmoja mmoja. Usiku nikakitandua kitanda cha Mwanakombo. Sikukitandika tena.

Yapo mambo matatu ninayobaki nayo, na mojawapo kila siku naliona kwa macho. Ule ubao niliuweka kwenye uchaga juu ya mafiga. Uchaga ule unakausha papa mzima. Mahindi yanakauka, pilipili inakauka, moshi na moto chini yake usiku na mchana. Ubao haujakauka. Unadondosha tone, linaangukia figa, chsss, na figa limefanya ukoko mweupe. Jirani mmoja kanambia niukwangue, chumvi hii shida kuipata. Nikamtazama tu, akajiondokea mwenyewe.

La pili, Siti. Tangu mkono ule umshike, kifua hakijambana tena. Anapanda minazi, anapiga kelele, anakimbia mtaa mzima. Mama yake alikwenda kutafuta dawa, na dawa kaileta.

Na la tatu ni kwamba Siti hamuulizii tena mama yake. Hata mara moja. Wakubwa wote tulikuwa tukimdanganya yuko Tanga, yeye akawa wa kwanza kujua, na hakulia. Hilo ndilo linalonivunja kuliko ubao.

Basi nawaambia nyie mnaoishi kama siye, mnaotoleana moto mlango kwa mlango. Akija mtu mchana mkavu naye katota, akapiga hodi moja, usimfukuze. Mpe moto, umtilie makaa mengi, na akikuuliza habari za mtoto mjibu kwa upole, usiringe. Lakini akigeuka aende zake, funga mdomo. Usimdai ukuni. Mie siku hizi simdai mtu yeyote, mzima wala mwengine. Natia makaa, nasema haya mwanangu nenda, basi. Kuni nakata mwenyewe, na mgongo huu.

Maana huwezi kujua aliyesimama mbele yako ana ukuni gani, na atauleta. Kwa adabu uliyomfundisha mwenyewe, atauleta.