Mayai Yaliponyamaza

Kuku alikufa asubuhi. Aliyaacha mayai yake kidogo tu, akatoka kudonoa pumba barabarani, bodaboda ikampitia. Magreth, ambaye majirani wote pale Chikongola walimwita Mama Doris, angeyatupa mayai yale siku hiyo hiyo, lakini binti yake alikuwa ameshayabeba kwenye sketi.

"Tuyatotoe wenyewe, mama. Nimeona kwenye simu ya baba."

Wakatafuta boksi la sabuni, wakatandika pamba, wakaning'iniza balbu ndani yake. Doris akaliweka chumbani kwake, akawa anayageuza mayai kama alivyoona kwenye simu. Magreth naye akapata jambo jipya la kuogopa. Aliogopa waya usije ukampiga mtoto shoti. Aliogopa boksi lisije likashika moto. Aliogopa hata nyoka, maana alisikia kwamba wanafuata harufu ya mayai.

Ndivyo alivyokuwa, na haikuanza jana. Alizaliwa Makete, kwenye baridi, akamaliza darasa la saba, akaolewa na Samweli, na miaka ikapita bila mtoto. Siku moja wifi yake alisema mbele za watu, huku anamenya viazi, "Kaka yangu kaoa yai viza." Walipohamia Mtwara, Samweli alipopata kazi bandarini, ndipo Doris akazaliwa. Hakufuatiwa na mwingine. Tangu hapo Magreth hakupenda kukaa mahali asipoweza kumsikia. Akiwa anakanda unga huita, "Doris?" Na Doris, hata kama yuko katikati ya daftari lake la shule, huitika, "Abee." Magreth hana la kumtuma. Anataka tu hiyo abee.

Lucinda, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuja kuona hilo boksi. Alizaliwa ng'ambo ya mto Ruvuma na kuvushwa akiwa mgongoni kwa mama yake, na hakuna kitu kilichompita bila yeye kukicheka.

"Kwa hiyo nyumba nzima mnaatamia? Shemeji Samweli naye umempangia zamu?"

"Yuko bandarini. Korosho zinapakiwa."

"Amekimbia huyo, ameogopa kukalia mayai." Akachungulia ndani ya boksi. "Lakini mengine humu viza, shoga. Wenzako wanapanga foleni ubalozini kutafuta viza, wewe unazo bure chini ya balbu."

Doris alicheka mpaka akashika ukuta. Magreth hakucheka.

"Hilo neno usilitaje humu ndani," alisema.

Jumamosi moja mayai yakaanza kulia. Ilikuwa sauti nyembamba, ikitoka ndani ya maganda ambayo hayajapasuka. Doris akiinama na kuongea nayo, yalimjibu. Hata Magreth alisimama mlangoni akitabasamu. Mchana ikaja mvua kubwa, na umeme ukakatika mtaa mzima.

Boksi likaanza kupoa. Doris alilifunika kwa blanketi, kisha kwa sweta lake la shule.

"Yatakufa, mama. Na yanatuita."

Hapo Magreth akakumbuka kwao. Makete, baridi ikizidi, jiko la mkaa huingizwa ndani na watu wakalizunguka. Hapa pwani, ambapo mtu hulala bila shuka na bado akaamka na jasho, hakuna ambaye angewaza hivyo. Akawasha jiko, akasubiri mkaa ukolee vizuri, moshi uishe, kwa sababu moshi ndio alioujua kuwa mbaya. Akaliweka jiko juu ya sinia, mbali na pazia.

"Usiliguse. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Nyumba ya baba yake kule Makete ilikuwa ya nyasi, na upepo ulipita kati ya ukuta na paa. Chumba cha Doris kilikuwa cha tofali na dari, na dirisha lake moja la vioo Magreth alikuwa amelifunga mwenyewe kuzuia mvua. Alipotoka akakunja kanga, akaziba chini ya mlango ili joto lisipotee.

Akakaa sebuleni na beseni lake la unga wa maandazi.

"Doris?"

"Abee."

Na nyuma ya abee, mayai. Ciu, ciu.

Baadaye Doris akasema kutoka ndani, "Mama, kichwa kinaniuma."

"Ni njaa hiyo. Jiko likitoka huko nitakukaangia."

Mvua ikaongezeka. Bati likanguruma hata mtu asisikie mawazo yake. Magreth akaita tena, akadhani ameitikiwa. Ndipo Lucinda akaingia mbio, amejifunika beseni kichwani.

"Nigawie kaa la moto, langu limelowa."

"Jiko liko chumbani kwa Doris. Linapasha mayai."

"Chumbani? Unamkausha mtoto kama dagaa?"

Mvua ikapungua ghafla, kama inavyofanya huku. Nyumba ikatulia. Magreth akanyanyua mikono kutoka kwenye unga, akasikiliza. Mayai hayakuwa yakilia. Hata moja.

"Doris?"

Mlango ulikwama kwenye kanga aliyoiweka yeye. Akausukuma kwa bega. Doris alikuwa amelala sakafuni, shavu kwenye ukingo wa boksi, mkono mmoja umo ndani katikati ya mayai. Hapakuwa na moshi. Hapakuwa na moto popote.

"Mtoe nje," Lucinda alisema, ameshamshika miguu. "Mtoe nje kwanza."

Kwenye bajaji Magreth hakulia. Aliita. Aliita jina lile lile njia nzima, mpaka dereva akaacha kugeuka nyuma. Karibu na geti la hospitali Doris alitapika kwenye mapaja ya mama yake, na Magreth akayashika matapishi yale kwa viganja viwili kama mtu aliyepewa kitu.

Wakamwekea oksijeni. Nesi aliuliza swali moja tu, "Mlikuwa na jiko la mkaa ndani?" Magreth akaitika kwa kichwa. Mikono yake ilikuwa bado na unga.

Waliporudi nyumbani boksi halikuwepo. Lucinda alikuwa ameliondoa bila kuambiwa, na hakusema alichokikuta ndani ya maganda. Dirisha la Doris sasa liko wazi, hata mvua ikinyesha. Mara nyingine, akisoma kwa sauti, Doris husimama katikati ya neno kana kwamba amelipoteza, na Magreth huacha anachofanya.

"Doris?"

"Abee, mama. Niko hapa hapa mbele yako."

"Najua."

Anarudi kwenye unga wake. Anakanda kidogo, kisha anasimama, anasikiliza.

"Doris?"