Mbuzi wa Kambi ya Itetemia

Zamani za Mwingereza, kikosi cha skauti cha watoto wetu pale Tabora kilikuwa na kamati ya wazazi, na kila mzazi alipewa kazi. Wengine walileta kuni, wengine masufuria, wengine walisonga ugali. Kazi yangu ilikuwa kuchinja. Ndiyo iliyokuwa desturi ya mji: penye shughuli ya watu wa dini mbili, Mwislamu ndiye aliyeshika kisu, ili wote wale chungu kimoja.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mkristo, fundi wa reli, mzaliwa wa Ziba, rafiki yangu wa miaka mingi. Alizoea kusema kwamba mbuzi wa Tabora wakiniona hujificha. Nami nilimjibu kwamba watu wa Ziba huwapenda mbuzi kuliko wake zao.

Wazazi Waislamu walisita kuwapeleka watoto wao kambini. Niliwaendea saba majumbani, nikawaahidi kwamba hakuna mtoto atakayeonja nyama nisiyoichinja mimi. Walikubali kwa kuwa niliwasomesha watoto wao Kurani.

Kambi ilianza Ijumaa, Itetemia. Nilipatana na mwenyekiti kwamba mbuzi angengoja nitoke kwenye sala. Nilitoka msikitini nikapanda baiskeli bila kupita nyumbani. Nilipofika, ngozi ilikuwa imeanikwa juu ya kichaka na watoto wanaosha sahani.

Mwanangu akanijia. "Shikamoo, baba. Umesahau nini?"

"Marahaba. Nimesahau wapi?"

"Hapa, asubuhi. Mwenyekiti ametuambia ulikuja ukachinja, ukarudi mjini kusali."

Rafiki yangu alikuwa akichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Nilimwita pembeni. Akaeleza kwamba uji wa asubuhi ulimwagika, watoto wakalia njaa, akaona kungoja ni kuwatesa, akachinja mwenyewe.

"Wanafunzi wako waliuliza nani kachinja," akasema. "Nikakutaja wewe, wapate kula kwa amani. Mbuzi ni mbuzi, ndugu yangu."

"Ungewaambia kweli. Wangekula ugali na maharage."

Nyama yenyewe haikuniuma sana. Mtoto aliyekula bila kujua hana kosa, na hayo nilikuwa nikiyafundisha mwenyewe. Kilichoniuma ni kwamba alijua nilichowaahidi wazazi wale, akakitumia kuwadanganyia watoto wao. Nilimwomba twende pamoja tukawaeleze. Akakataa, akasema nikinyamaza hakuna atakayejua, nikisema nitavunja kikosi.

Nilikwenda peke yangu jioni ile, nyumba kwa nyumba. Sita walisikitika, wakasema yamepita. Wa saba alikuwa mjane, mama wa mtoto mmoja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "mimi skauti siwajui. Mtoto nilimkabidhi kwako."

Nilimwomba radhi, akanipa, kisha akamtoa mwanawe kikosini.

Rafiki yangu nilimsamehe, kwa kuwa nami nahitaji kusamehewa. Namshukuru Mungu pia kwamba mama yule hakumtoa mtoto katika chuo changu cha Kurani. Ila tangu wiki ile hakumtuma tena peke yake. Alimleta mwenyewe kila siku, akaketi barazani na ukili wake akisuka, mpaka somo likaisha.