Amina Ambayo Sikuisema

"Mtu aliyewakomboa wenzake, halafu wakamfunga, alikuwa anapigania nini?"

Shangazi aliniuliza hivyo akiendesha gari. Nilikuwa nimetoka Houston, akanipokea kituo cha basi Dallas, na sasa tulielekea kitongoji cha DeSoto kwenye maombi ya kikundi chake cha kina mama. Nilikuwa nimemaliza chuo karibuni, shahada ya historia, somo ambalo ukoo mzima ulililia kama msiba kwa sababu halikuwa uuguzi.

Nilikuwa nikimsimulia habari za jemadari wa Kigiriki niliyemwandikia tasnifu. Alizaliwa katika ukoo wa watu wa milimani waliokataa kutawaliwa na Waturuki. Baba yake aliuawa vitani. Yeye alikimbilia visiwani, akajifunza uaskari kwa Waingereza, akarudi na kofia ya chuma kuongoza mapambano. Jeshi la sultani alilivizia kwenye njia nyembamba za milimani akalisambaratisha. Kisha serikali ya Wagiriki wenyewe ikamtia ndani. Adui mwingine alipotua pwani, wakamfungua mbio.

"Mkristo mwenzetu huyo," Shangazi alifurahi.

"Ndiyo. Na mji mkubwa ulipoanguka, jeshi lake liliwachinja hata wanawake na watoto. Usimpambe."

"Aki wewe! Hata malaika utawatafutia kosa."

Shangazi alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, pamoja na nusu ya kikundi. Meneja alikuwa na tabia ya kuwabakiza kwa shifti ya pili bila kuwauliza. Ni Shangazi aliyewaongoza wote hadi ofisini kwake, wakakataa kwa sauti moja, meneja akanywea. Baadaye mwenyekiti wa kikundi alipandishwa cheo palepale kazini, na ghafla, kwake, Shangazi akawa "mtu wa fujo" asiyefaa kikundini.

Kutolewa kikundini si jambo dogo. Huku Marekani, ugenini, ukifiwa, kikundi ndicho kinachojaza sebule yako, kikapika, kikaimba mpaka uchoke kulia. Na mume wa Shangazi alikuwa mgonjwa sana.

Kikundi hakikuwa na desturi ya kupiga kura. Mwenyekiti aliomba, uamuzi ukiwa ndani ya maombi, na ukisema amina umekubali.

"Baba," aliomba siku hiyo tulipofika, "tunakushukuru kwa kumpumzisha dada yetu kutoka kikundi hiki, aende na amani."

"Amina!" wakaitikia. Na iliyosikika kuliko zote ilikuwa ya Shangazi mwenyewe. Alilelewa hivyo: maombi hayaachwi yakining'inia.

Mimi nilikuwa sijafumba macho.

"Sijasema," nikasema.

"Hujasema nini, mum?" mwenyekiti aliuliza kwa upole wa kanisani.

"Amina."

"Maombi hayapingwi. Hapa si chuo."

"Basi yasitumiwe kumfukuza mtu. Mwambieni kosa lake mkiwa mmefumbua macho."

Mtu alicheka, akajifanya anakohoa.

"Kwani wewe ni mwanachama? Amina yako haihesabiki," mwenyekiti alisema.

"Kama haihesabiki, mbona mnaitaka?"

Hakuna aliyebadili uamuzi. Shangazi aliinua sufuria yake ya pilau, haijafunuliwa hata kifuniko, tukatoka. Garini alinigombeza kwa kumwaibisha mbele za watu. Tulipofika taa nyekundu alianza kucheka hadi machozi.

"Na mimi nami! Nimejifukuza mwenyewe, tena kwa sauti!"

Mumewe alipofariki, sebule ilikuwa na watu wachache. Nilipika mimi, vibaya. Tuliimba sisi, vibaya zaidi. Mwenyekiti alituma ujumbe kwamba Shangazi akiomba radhi watakuja. Shangazi aliusoma, akaigeuza simu kifudifudi mezani, akaanzisha wimbo mwingine. Sikumshauri vinginevyo, na leo pia nisingemshauri.

Katika tasnifu yangu, mwisho wa jemadari ulipata mstari mmoja tu: vita vilipokwisha, nchi aliyoikomboa ilimshtaki kwa uhaini, akahukumiwa kifo, kisha akasamehewa. Nilipata alama nzuri kwa mstari huo. Muda mrefu baadaye ndipo nilipoisoma kesi yenyewe. Mahakimu walikuwa watano. Wawili walikataa kutia sahihi hukumu ile. Wanajeshi waliwakokota hadi ndani ya mahakama ili wakae vitini hukumu isomwe, wakakaa, na bado hawakutia sahihi.