Masikio ya Mwavuli

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka huogopa mpaka leo, na mie sasa hata meno yamebaki machache. Umenikumbusha weye juzi, ulipokuja kunitazama kutoka Tibirinzi na zile hedifoni zako ulizoziunga mwenyewe: spika za aina hii, vikombe vya aina ile, utepe wa kichwani umeutoa kwenye nyengine iliyokufa. Ulinivisha, nikasikia kisomo cha Kurani kama msomaji yumo ndani ya kichwa changu. Nikasema "Mashaallah", ukacheka. Ulipoondoka nikaona bora nikuandikie. Skuli sikufika mbali, chuoni kwa Kurani ndiko nilikokaa, kwa hiyo nikizunguka univumilie, njiani nitarudi.

Ugonjwa huo wako na mie niliwahi kuugua. Miaka ile ya baada ya Mapinduzi vitu vilikuwa adimu, na vijana wenzangu walipenda mpira na ngoma. Mie nilipenda vitu vilivyokufa. Redio iliyokufa, saa iliyokufa, taa ya baskeli. Mama, Mungu amrehemu, akisema nyumba yetu imekuwa makaburi ya vyuma, na kila akifagia uvunguni anakutana na maiti.

Katika maiti hao ndimo nilimotoa masikio yangu. Jina la hedifoni tulikuwa hatulijui, tukiita masikio tu. La kushoto lilitoka kwenye mkono wa simu mbovu, aliniletea mjomba aliyekuwa akifanya kazi melini. La kulia lilikuwa spika ya redio ndogo ya mfukoni, karatasi yake imetafunwa na mende, nikaiziba kwa karatasi ya sigara na ulimbo wa fenesi. Utepe wa kichwani ulikuwa ubavu wa mwavuli nilioukunja. Mama akanishonea vimito vya kanga kuukuu, ndani ameshindilia usufi. Kulehemu nililehemu kwa msumari wa shaba niliouchoma kwenye makaa yake ya kupikia, naye akinifukuza kwa upawa.

Basi masikio yale hayakupatana. La simu lilikuwa hodari wa maneno, lakini ukilipa ngoma linalia kama paka. La spika lilikuwa hodari wa ngoma, maneno likiyatafuna. Ukiyavaa yote mawili unamsikia mtu mmoja anasema kwa vinywa viwili. Lakini nilikuwa nikiyapenda, mwanangu, hata nikiamka asubuhi nayatazama kwanza kabla sijatazama nje. Hayakuwa ya kuuza wala ya kumuonesha mtu. Ilikuwa raha yangu tu.

Ukaja mfungo wa mwaka ule, ukaangukia mvua za vuli. Kijiji chetu kiko mbele kidogo ya Kengeja, na njia yenyewe ilikuwa ya udongo. Mvua ilipokaza, magari ya abiria yakawa hayafiki. Na huko madukani mawe ya redio, betri mnazoita nyie, hayakuwepo kabisa. Zamani mawe yakichoka tulikuwa tukiyaanika juani yapate nguvu kidogo. Jua lenyewe liko wapi? Mama akayapanga yangu kando ya mafiga, nami nikikaa hapo naomba yasimpasukie usoni. Redio za kijiji zikanyamaza moja baada ya moja. Yangu nayo spika yake ilikufa sauti. Lakini masikio ya mwavuli hayakutaka nguvu nyingi, yale mawe yaliyochoka yakayatosha. Ukavaa, ukazungusha taratibu, ukamsikia mtu anasoma habari kama yuko chini ya kisima.

Kijiji kizima kikabaki na msikiaji mmoja, naye ni mie.

Wakaanza kunijia. "Shaame, wanasema nini leo?" Nasikiliza, nawaambia. Wazee wananipisha mkekani. Kijana ambaye jana alikuwa akiambiwa ana wazimu wa vyuma, leo anasubiriwa! Jirani yangu Kombo ndiye peke yake hakuja. Mie na yeye tulikuwa hatupatani kwa sababu ya mbuzi wangu na muhogo wake, na hiyo ni hadithi nyengine, mbuzi yule alikuwa shetani. Kombo akipita barazani akiniona nimevaa, anasema kwa sauti, "Mwacheni, anazungumza na malaika. Kesho atatwambia wamempa na salamu zetu."

Ikafika siku ya ishirini na tisa. Mbingu imeziba kama sufuria iliyofunikwa. Mwezi hata ungekuwepo, nani angeuona? Tukafuturu, tukasali magharibi, watu wakakusanyika kwenye baraza ya msikiti, wanawake wamesimama upande wa pili chini ya makuti. Kila mmoja anasema, kama mwezi umeandama kwengine, redio itatangaza, na Shaame atatwambia.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Mpaka jioni ile nilikuwa nikipeleka habari za mbali, ambazo nikikosea hakuna anayeumia. Hii ilikuwa nyengine. Nikisema umeandama na haukuandama, nimewalisha watu mchana wa Ramadhani. Nikisema haukuandama na umeandama, nimewafungisha siku ya Sikukuu, na siku hiyo kufunga ni haramu. Watu wote wale, watoto na vikongwe, dini yao imening'inia kwenye ulimbo wa fenesi. Jasho likanitoka, na mvua inanyesha.

Akaja Maalim Faki, aliyekuwa akitusalisha. Mtu mfupi, mpole, hakuwa na haraka hata akifukuzwa na nyuki. Akauliza, "Nani atasikiliza?"

"Shaame."

"Na nani mwengine?"

Watu wakatazamana. Nikamwambia, "Maalim, kitu chenyewe ni cha kichwa kimoja."

Akayachukua masikio yangu, akayageuza geuza, akapapasa vimito vya mama. "Mbona naona masikio mawili?"

"Mawili, Maalim."

"Basi yavunje. Moja lako, moja la mwenzio."

Nilidhani anafanya mzaha. Nikamwambia ubavu ule wa mwavuli nimeukunja kwa wiki nzima. Akanitazama kwa huruma, na huruma yake ikanichoma kuliko angenitukana. Akasema, "Umetengeneza kitu kizuri, mwanangu, wala sikutanii. Lakini mwezi wa watu wote haupiti kwenye kichwa cha mtu mmoja. Ukikosea humo ndani, nani atajua? Hata weye hutajua." Kisha akawageukia watu. "Nipeni mtu asiyempenda Shaame."

Watu wakacheka, na macho yote yakamwendea Kombo.

"Ah, Maalim," Kombo akasema, "mie simchukii. Namchukia mbuzi wake."

"Inatosha. Njoo."

Nikaushika ubavu nikauvunja. Ulilia tah! Nikavuta waya ili kila sikio lifike kwa mtu wake. Kila moja nilikuwa nimeliunga kwa waya wake, kwa hiyo yangeweza kutengana. Nikanyoosha mkono nichukue la simu, lile hodari wa maneno. Maalim akaniwahi, akampa Kombo.

"Maalim, hilo ndilo zuri."

"Ndiyo maana."

Akatukalisha mgongo kwa mgongo, redio ubavuni. Akasema mtu asitoe neno mpaka atuite, mmoja mmoja, tumwambie sikioni.

Mwanangu, sijawahi kusikiliza vile tena. Nililibana lile sikio mpaka mfupa ukauma. Shshshsh. Nikafumba macho. Shshshsh, halafu kama sauti ya mtu kwa mbali sana, inakuja inarudi. Nikaanza kusikia maneno ndani yake. Kila neno nililolitaka lilikuja. Nikitaka "umeandama", lipo. Nikiogopa nikataka "haukuandama", nalo lipo. Nikashikwa na hofu ya kichwa changu mwenyewe. Halafu nikahisi mgongo wa Kombo umenyooka ghafla, kama mtu aliyeitwa jina. Nikajua amesikia.

Maalim akamwita Kombo kwanza. Kombo akanong'ona, akarudi na uso kama mtoto aliyevishwa kanzu mpya. Kisha akaniita mie. Akaniinamia, nikasikia harufu ya udi kwenye kilemba chake.

"Umesikia nini?"

Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Uso wa Kombo nimeuona, mwezi umeandama, nani asiyejua? Ningesema "umeandama" ningekuwa nimesema kweli. Mama namuona kule chini ya makuti, ameshachagua mchele. Watu wananitazama mdomo. Ningesema tu.

"Sikusikia, Maalim."

"Hukusikia, au unaogopa kusema?"

"Naogopa. Lakini sikusikia."

Akaniweka mkono begani, akasimama. "Jamani, tutatimiza thelathini."

Lo! Baraza ikalipuka. Kombo akaruka. "Maalim! Mie nimesikia kwa sikio langu! Mwezi umeandama, wametangaza!"

"Nakusadiki, Kombo. Kuingia mfungo namkubali shahidi mmoja. Kutoka nataka wawili."

"Na mie nifunge vipi, na nimesikia?"

"Weye usifunge. Kula. Lakini ule ndani, na mlango ufunge. Hawa hawakusikia."

Ile asubuhi, mwanangu! Kijiji kimefunga, na jikoni kwa Kombo moshi unatoka. Alifunga mlango kama alivyoambiwa, lakini harufu ya maandazi nani ataifungia mlango? Ikipita nyumba kwa nyumba. Watoto wamekaa ukutani kwake wanavuta pumzi. Wanaume wanapita mbele yangu hawanisalimii, na sisi hapa Pemba mtu kukupita bila ya salamu ni sawa na kukutemea mate. Mama alikuwa akichambua mboga ile ile mara ya pili. Nikikaa siwezi, nikisimama siwezi. Nikawa najiambia, kama leo ni Sikukuu, hawa wote wamo haramuni kwa sababu yako weye, uliyeshindwa kusema neno moja.

Jua halijafika kichwani akatokea mtu kwa miguu kutoka Kengeja, kanzu ameipandisha mpaka magotini, tope mpaka mapajani. "Mkono wa Idi!" anapiga kelele. "Nyie vipi? Mbona mmekaa kama mko msibani? Huko wenzenu wameshasali!"

Watu wakakimbilia maji, wengine tende, takbiri zikaanza. Katika kukimbia huko mtu mmoja akanipigia ukelele, "Shaame umetufungisha Sikukuu!" na mwengine akaitikia, na mwengine. Nilitamani ardhi inimeze na vyuma vyangu. Maalim Faki akainua mkono pale mlangoni mwa msikiti. Akasema, "Asubuhi moja ya njaa nitamjibu Mola wangu mie mwenyewe. Ushahidi wa uongo sijui ningemjibu nini. Ingieni tusali, wakati unatoka." Hakusema zaidi. Watu wakaingia, lakini nyuso hazikunyooka.

Baada ya sala nilitaka kupita kichochoroni nisionekane. Kombo akanivizia. Mkono mmoja sahani ya maandazi, mkono wa pili masikio yangu yaliyovunjika.

"Jana uliyaacha barazani, nikayachukua yasirowe," akasema. "Leo nikinywa chai nikayatazama. Hebu tazama na weye."

Akanionesha lile sikio langu. Waya umekatika pale penye lehemu. Ulikatika nilipovuta kuyatenganisha. Nilikuwa nimekaa pale nimelibana sikio lililokufa.

"Lakini nilisikia mvumo," nikamwambia. "Na kama sauti ya mtu."

"Ile mvua, yakhe. Mvua kwenye makuti." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Ungemwambia Maalim umesikia, watu wote wangefurahi, na mie pamoja nao, Sikukuu ni Sikukuu. Lakini leo asubuhi ningeuona waya huu. Nisingekuamini tena, hata ukija kunambia nyumba yangu inawaka. Haya, kula. Yamepoa kwa ajili yako."

Nikayala nimesimama. Hofu yenyewe hapo ndipo ilipokuja, mwanangu, baada ya kila kitu kwisha. Kwa sababu ile sauti ya mbali niliisikia kweli. Ilikuwa ni yangu.

Basi sikukatazi kuunga hedifoni zako. Unga, pata raha, na ukipata spika nzuri niletee na mie nisikilize kisomo. Ninalokuomba ni hili. Habari inayowagusa watu wote usiibebe peke yako kichwani. Mpe mwenzio sikio moja, hata kama itabidi uvunje kitu unachokipenda. Tena umpe yule asiyekusifu, na umpe lililo zuri. Na siku hukusikia, sema hukusikia, hata kama unajua kwamba wengine wamesikia, hata kama kila mtu anakutazama mdomo na sahani zimeshawekwa. Watakununia asubuhi moja. Itapita. Siku hizi na hizo simu zenu, naona mnapelekeana maneno ambayo hakuna hata mmoja aliyeyasikia, na mie hukaa hapa barazani nikiogopa kwa ajili yenu.

Nenda, mwanangu. Mola akupe masikio ya kusikia kilichopo, akuepushe na sauti unayoitaka mwenyewe, akuwekee jirani mkali mwenye moyo safi, na kila Sikukuu ikukute na watu wako, mmeshiba, mmesalimiana. Amin.